Mgeni Garsen, ale wapi? Jinsi ya kutambua hoteli ya kuaminika

Mwalimu aliyepewa uhamisho, muuguzi aliyeripoti kazini juma hili, karani wa benki, fundi wa barabara na familia iliyohama kutoka kijiji kilichofurika wote hufika Garsen na haja moja ya haraka. Nyumba inaweza kutafutwa kwa wiki moja au mbili, lakini chakula cha mchana hakingoji. Mgeni hushuka stejini, huingia hoteli ya kwanza anayoiona, na mara nyingi huendelea kula hapo hapo kwa mazoea, bila kujua kama ndiyo bora au ndiyo iliyo karibu tu.

Makala haya hayataji hoteli yoyote kwa jina. Jarida la kaunti likianza kusifu biashara ya mmoja, jirani yake ana haki ya kuuliza kwa nini si yake. Kinachoelezwa ni namna ya kuangalia, kuuliza na kuamua, ili mkaazi mpya wa Garsen, na hata yule wa zamani aliyehamia mtaa mwingine, ajue anaweka nini mdomoni.

Jambo hili si la ladha peke yake. Mwezi wa Mei 2024, baada ya mvua kubwa na mafuriko, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wagonjwa 44 wa kipindupindu walikuwa wameripotiwa katika Kaunti ya Tana River. Kipindupindu huingia kwa njia ya maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huweza kuanza saa chache baada ya kumeza vijidudu, au zikachelewa hadi siku 5. Mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo kwa kuishiwa na maji mwilini, ilhali anayetibiwa mapema karibu kila mara hupona.

Hoteli ya msafiri na hoteli ya mwenyeji

Garsen ni mji wa njia panda. Uko kando ya Mto Tana, zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi, na hapo jirani, Minjila, barabara inagawanyika. Moja inapanda Hola hadi Garissa, nyingine inapita Garsen kuelekea Witu na Lamu. Mabasi na malori hayakomi kupita. Kwa sababu hiyo mji una hoteli za aina mbili, na kuzitofautisha ndio mwanzo wa kula vizuri.

Hoteli ya kwanza huishi kwa abiria. Basi likisimama kwa dakika 20, watu 50 wenye njaa hushuka kwa pamoja, hula kwa haraka na kuondoka. Akiumwa na tumbo, abiria huumwa akiwa Malindi au Lamu, na hana njia ya kurudi kulalamika. Si kusema kwamba hoteli hizo zote ni mbaya. Baadhi hupika vizuri sana, na wingi wa wateja hufanya chakula kisilale. Lakini kinachomfanya mwenye hoteli aogope kukosea ni kidogo.

Hoteli ya pili iko ndani kidogo, mtaa mmoja au miwili kutoka barabarani, na huishi kwa watu wale wale kila siku: waendeshaji bodaboda, wauzaji wa soko, walimu, wafanyakazi wa ofisi. Hapa mteja mmoja akiharisha, habari hufika kabla ya chai ya saa nne. Mwenye hoteli anajua hivyo.

Watu wengi hushauri kufuata madereva wa malori, kwamba pale wanapoegesha ndipo penye chakula kizuri. Ushauri huo una ukweli nusu. Dereva huchagua mahali penye nafasi ya kuegesha, sahani iliyojaa na huduma ya haraka, na huenda asipite tena hadi wiki mbili baadaye. Afadhali mgeni amuulize mama anayeuza ndizi sokoni yeye mwenyewe hula wapi asipopika. Swali liwe hilo hasa. Ukiuliza “hoteli nzuri ni ipi?” utaelekezwa kwenye ile yenye viti vizuri, kwa heshima ya ugeni. Ukiuliza “Mama, wewe leo mchana utakula wapi?” utapata jibu tofauti.

Maji ndiyo ya kwanza kuuliza

Sehemu kubwa ya hatari katika hoteli za Delta haiko kwenye sufuria, kwa sababu moto huua vijidudu. Hatari iko kwenye kile ambacho hakikupitia motoni. Vitu vitatu ndivyo vya kuangalia: kachumbari, juisi na barafu.

Mgeni anaweza kula wali moto na mchuzi uliochemka vizuri, kisha akaugua kwa sababu ya kijiko kimoja cha nyanya na vitunguu vilivyooshwa kwa maji ya mto. Juisi ya embe au ya ukwaju ni tamu na Tana River haina uhaba wa maembe, lakini juisi huongezwa maji, na swali ni maji gani. Barafu nayo haisafishi chochote, kwani baridi hulaza vijidudu bila kuviua. Kwa hiyo ni halali kabisa kuuliza, “Dada, maji ya juisi yamechemshwa?” Mwenye hoteli mzuri hakasiriki. Mara nyingi atakuonyesha mtungi wenyewe.

Maji ya Mto Tana yana jambo lake la pekee. Ni mekundu kwa tope, hasa msimu wa mvua, na tope hilo huipunguzia nguvu dawa ya klorini. Ukitia kipimo cha kawaida cha dawa ndani ya maji machafu hivyo, sehemu kubwa ya dawa huishia kupambana na tope, na vijidudu hubaki. Ndiyo maana maji hutulizwa kwanza, kwa shabu au kwa kuachwa yatuame, kisha humiminwa polepole na kuchujwa kwa kitambaa safi, ndipo dawa hutiwa na kuachwa nusu saa. Kuchemsha ni njia nyingine: yakishatokota kwa dakika moja yanatosha. Lakini maji yaliyochemshwa na kuachwa wazi, yakichotwa kwa kikombe ambacho kila mtu hukitumbukiza mkono, yamerudi yalikotoka. Mtungi wenye bomba ni dalili nzuri kuliko ndoo yenye kikombe juu.

Kuna na karai la kuoshea vyombo. Hoteli nyingi ndogo huosha sahani kwa sabuni kwenye karai moja na kuzisuuza kwenye jingine. Utaratibu huo hauna ubaya maadamu maji ya kusuuza yanabadilishwa. Yakikaa tangu asubuhi hadi saa nane, sahani ya mteja wa arobaini husuuzwa kwa masalio ya wateja 39. Kulitazama hilo karai, ambalo kwa kawaida huwa nje nyuma ya jikoni, kunampa mgeni habari kuliko rangi ya ukuta na bango la mlangoni.

Chupa za maji za dukani zina alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), na chini yake nambari ya kibali. Mnunuzi anaweza kuihakikisha kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya # na nambari hiyo kwenda 20023. Kifuniko ambacho pete yake imekatika kabla hujakifungua ni sababu tosha ya kurudisha chupa.

Moto, saa na nazi

Garsen ni mji wa joto. Mchana joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na chakula kilichopikwa huanza kuharibika mapema kuliko bara. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba chakula kisikae nje ya moto au ya friji zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, isizidi saa 1. Hoteli nyingi hazina friji, na zilizo nayo hukatikiwa na umeme. Kinachobaki ni saa. Chakula kilichoiva saa sita ni bora kuliwa saa sita kuliko saa tisa, na mgeni anayekula kwa kuchelewa afadhali aagize kinachopikwa papo hapo: chapati, mayai, samaki wa kukaanga.

Wali unahitaji neno la ziada, kwa kuwa wengi huamini kwamba kuupasha moto kunauponya. Kuna kijidudu kinachoishi kwenye punje za mchele ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukilala kwenye sufuria usiku kucha, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukichemshwa tena. Kiporo cha wali, au mwiku kama wanavyouita wengine wa pwani, kinafaa tu kama kilipozwa upesi na kuwekwa kwenye baridi. Pilau ya asubuhi na mapema katika hoteli isiyo na friji huenda ni pilau ya jana.

Nazi nayo huchacha haraka. Mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi na mchicha wa nazi ni fahari ya meza za pwani, na ndivyo vyakula ambavyo havivumilii joto. Pua ni kipimo kizuri hapa. Tui lililochacha lina harufu ya uchachu isiyofichika, na mteja anayeisikia arudishe sahani bila haya.

Vya kukaangwa barabarani hudharauliwa bure. Mahamri, bajia, viazi karai na sambusa zinazotoka kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho ya mnunuzi ni salama kuliko vyakula vingi vya mezani. Tatizo huanzia kwenye chatne, ambayo haikupikwa, na kwenye mkono unaopokea noti kisha ukachukua bajia. Muuzaji anayetumia koleo au karatasi amefikiri. Embe lililomenywa na kukatwa mapema likatiwa pilipili na chumvi huvutia nzi. Nunua zima, limenye mwenyewe.

Maziwa, nyama na samaki

Hapa ndipo Garsen inapoushinda mji mwingine wowote wa ukubwa wake. Maziwa hutoka kwa wafugaji wa Orma na Wardei, ndizi, maembe na mpunga hutoka mashamba ya Wapokomo kando ya mto, samaki wa mto hutoka kwenye maziwa madogo ya Delta na wa bahari hutoka Kipini, mahali Tana inapoingia Bahari Hindi. Delta hii iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka huo huo na mwanzoni mwa 2013 ilishuhudia mapigano mabaya kati ya wafugaji na wakulima. Katika eneo lenye historia hiyo, hoteli ambayo chai yake ni maziwa ya mmoja na mahamri yake yamechovywa mbaazi za mwingine, na wote wawili wamekaa benchi moja, si jambo dogo. Mgeni anayetaka kuujua mji ataujua upesi zaidi kwenye benchi hilo kuliko ofisini.

Chai ya maziwa ni kinywaji salama kwa sababu imechemka. Maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya ngamia, yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Wapo wanaoamini kwamba kuyachemsha kunaua nguvu yake. Virutubishi vinavyopungua ni vichache, na ugonjwa unaoepukwa huweza kumlaza mtu kwa miezi. Anayenunua maziwa kwa ajili ya nyumbani atazame chombo pia: kopo la alumini lenye mdomo mpana huingia mkono na kusuguliwa, lakini jerikeni la plastiki lenye shingo nyembamba hubaki na utando ndani hata likisuuzwa vipi.

Nyama ya bucha lazima iwe imekaguliwa, na nyama iliyokaguliwa huwa na muhuri wa mkaguzi juu ya mzoga. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe. Hili si utaratibu wa karatasi tu. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilienea kaskazini mashariki mwa Kenya na kuingia Tana River, ikaua mifugo na watu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliochinja, kuchuna na kushika nyama ya mnyama mgonjwa. Kila mafuriko makubwa yanapofuatiwa na mbu wengi na mifugo kutoa mimba, nyama ya bei rahisi isiyo na muhuri ni ya kukimbiwa.

Samaki hajifichi. Jicho liwe angavu na lililojaa, matamvua mekundu, nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Kambare na ngege wakikaangwa hadi ndani ni chakula kizuri cha mchana. Samaki aliyekaangwa jana na kurudishwa kwenye mafuta leo huwa mgumu na mweusi pembeni.

Kuhusu pombe, maneno machache yanatosha. Baa na vilabu vinahitaji leseni ya vileo, na leseni hiyo hutundikwa ukutani. Kinywaji kisicho na muhuri wa ushuru au kilichopimwa kutoka kwenye jerikeni kinaweza kuwa na methanoli, ambayo hailewi tofauti wala haina ladha ya kuitambulisha, na hupofusha au huua. Mwezi wa Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe ya aina hiyo.

Karatasi za ukutani

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Kwa hiyo kila hoteli, kibanda na bucha inapaswa kuwa na kibali cha biashara na leseni ya afya ya majengo yake, na kila anayepika au kuhudumu awe na cheti cha kupimwa afya. Cheti hicho hudumu kwa miezi 6 tu. Mgeni akikiona ukutani, asome tarehe. Kilichokwisha muda mwaka jana hakina tofauti na kalenda ya zamani.

Leseni peke yake haipiki chakula safi, na ni kweli pia kwamba kuna akina mama wanaopika kwa usafi wa hali ya juu ambao bado hawajakamilisha karatasi zao kwa sababu ya gharama au umbali. Hao waende kwa afisa wa afya ya umma wa wadi wakaeleze hali yao, kabla hajafika yeye. Kuongozwa jinsi ya kutimiza masharti ni rahisi kuliko kufungua upya kibanda kilichofungwa.

Msimu hubadilisha hoteli

Hoteli iliyokuwa nzuri mwezi wa Februari huenda isiwe hivyo Mei. Wakati wa mafuriko ya mwisho wa 2023 na tena 2024, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika sehemu za Gamba na Lango la Simba. Barabara zikikatika, viazi, vitunguu na kabichi kutoka bara huadimika, bei hupanda, na mpishi hulazimika kunyoosha alichonacho. Jambo zito zaidi ni vyoo. Mashimo yakijaa maji, yaliyomo huelea na kuingia visimani. Katika majuma hayo, hata mteja wa miaka mingi aulize upya maji yanatoka wapi, na aache kachumbari kabisa.

Ramadhani nayo ina ratiba yake. Mchana hoteli nyingi hufungwa, au huhudumu nyuma ya pazia kwa wagonjwa, wasafiri na wasiofunga, na mgeni asiyefunga huonyesha adabu kwa kula ndani. Jioni mji hugeuka. Meza za futari hupangwa barabarani kuanzia alasiri: kaimati, sambusa, mihogo na viazi vitamu vya nazi, tambi. Vilivyopikwa saa tisa vikingoja hadi magharibi vimekaa zaidi ya saa 3 kwenye joto. Anayenunua achague meza iliyofunikwa, na vile vya nazi avichukue mwisho, vikitoka jikoni.

Jambo la daftari pia lielezwe. Mfanyakazi mpya mara nyingi husubiri mshahara wa kwanza kwa mwezi mmoja au zaidi, na hoteli za wenyeji humkopesha chakula kwa kuandika daftarini. Ni msaada mkubwa, na kwa upande wa mama mwenye hoteli ni mtaji wake wote uliokaa kwenye matumbo ya watu. Uandikishe jina kamili, ukubaliane siku ya kulipa, na uhamisho ukija ghafla, deni litangulie kulipwa kabla ya kufunga mizigo.

Ukiugua baada ya kula

Kuharisha maji mengi, hasa yanayofanana na maji ya mchele, na kutapika si mambo ya kusubiri kesho. Mgonjwa aanze kunywa maji ya chumvi na sukari ya dukani (ORS) mara moja. Yasipopatikana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, naye anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya kilicho karibu, iwe Garsen kwenyewe au Hospitali ya Ngao. Mtoto mdogo aendelee kunyonyeshwa njiani.

Akifika, amwambie mhudumu alikula nini, wapi, saa ngapi na akiwa na nani. Habari hizo ndizo zinazowawezesha maafisa wa afya ya umma kupima maji, kukagua jikoni na kuwatafuta wengine waliokula hapo kabla hawajazidiwa. Anayeona choo kinachovuja karibu na jiko au bucha isiyo na muhuri anaweza kumwambia mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, au kufika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo. Aeleze mahali, siku na saa aliyoona.